Waliosoma Pamoja Wanaposimuliana Maisha Yao

Katika nchi ya Katanga, kiangazi kinapokausha majani na shule zimekwisha fungwa, watu waliosoma pamoja utotoni hupenda kukusanyika. Wengine hutoka Lubumbashi kwa basi, wengine Likasi, wengine hutembea kwa miguu kutoka kijiji cha jirani. Hupikwa bukari na sombe, huletwa munkoyo, hutandikwa mikeka chini ya mwembe. Na watu wakiisha kula, mmoja mmoja husimama kueleza alivyoishi tangu siku ile walipoagana mlangoni mwa darasa. Wakatekumeni wa Kinsevere, mahali palipo kilomita kama 30 kaskazini ya Lubumbashi, huyajua makutano ya namna hii, na pengine wamepata kuketi kando wakiwasikiliza wazee wao. Basi latokea swali, nalo si swali la bure. Mtu anayejifunza dini asikiapo masimulizi hayo, aitafute imani ya Kikristu mahali gani? Katika neno lipi la msimulizi? Tena, je, aweza kukosea?

Aweza kukosea sana.

Desturi yenyewe ina mwanzo mzuri. Tarehe 24 Juni 1870, sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, watu wachache walikwenda Valdocco, mjini Torino katika Italia, kumwona Don Bosco, padri aliyewalea walipokuwa watoto maskini. Kiongozi wao aliitwa Carlo Gastini. Huyu alipokuwa mdogo alijifunza kazi kwa kinyozi. Siku moja Don Bosco aliingia kunyolewa, akataka anyolewe na mtoto yule asiyejua bado kushika wembe vema. Akayavumilia maumivu ili aupate urafiki wake. Baadaye mtoto alipofiwa na mama yake, alipata makao kwa padri huyo huyo. Basi siku ile ya 1870 Gastini na wenzake walimletea mlezi wao zawadi ya vikombe vya kahawa. Mwaka uliofuata walirudi, idadi yao ikaongezeka, na hivyo ndivyo kilivyoanza chama cha wanafunzi wa kale wa Don Bosco, kilichoenea sasa katika nchi nyingi. Wasalesiani walifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1911, na waliolelewa katika shule zao wangali wakikutana huko.

Yafaa kuangalia jambo moja. Watu wale wa Torino hawakwenda kupimana nani amefaulu. Walikwenda kushukuru, na vikombe vyao havikuwa vya dhahabu.

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake, na kila asimuliaye maisha yake ni mwamba ngoma. Lakini mbele ya waliosoma naye hawezi kuvuta sana. Wanakumbuka alivyoiba chaki, alivyolia alipochapwa, alivyomegea mwenzake kiazi chake siku ya njaa. Mbele ya wageni mtu aweza kujifanya shujaa. Mbele ya hawa atachekwa. Kwa sababu hiyo makutano haya ni mahali pazuri pa kuitafuta kweli, pazuri pengine kuliko mimbari kadha wa kadha.

Uchukuliwe mfano wa darasa moja la shule ya misioni, lililoanza mwaka 1970 na kumaliza mwaka wa sita katika 1976. Mfano huu haumlengi mtu ye yote. Lakini vijiji vya kando ya Lubumbashi vina watu wengi wa umri huo, na kila msomaji atatambua sura anayoijua. Watoto wa darasa hilo waliona mageuzi mengi wangali wadogo. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristu. Mtoto aliyeandikwa Petro au Maria katika daftari la mwalimu alirudi nyumbani na jina jingine. Mwisho wa 1974 serikali ilizitwaa shule za misioni, na somo la dini likaondolewa. Shule zilirudishwa katika uongozi wa Kanisa kwa mapatano ya 1977, na darasa hilo lilikuwa limekwisha tawanyika. Basi sala walizozijua walizipata jioni, nje ya shule, kwa katekista. Na jina la ubatizo likabaki kanisani na kinywani mwa mama. Ndiyo maana wanapokutana sasa, wenye mvi, jambo la kwanza linalowafurahisha ni kuitana kwa majina yale yaliyofutwa daftarini. Mtu mzima aliyezoea kuitwa Mkubwa kazini kwake husikia mtu akipaaza sauti, «Petro!», naye hugeuka upesi kama mtoto.

Wa kwanza kusimama alikuwa mwenye basi. Habari yake hufahamika vema kwa kukumbuka mambo ya 2003. Mwaka huo Gécamines, kampuni kubwa ya madini iliyoshika mahali pa Union Minière, ilikuwa imedhoofika kabisa, na wafanya kazi wake walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Ndipo zaidi ya watu 10,000 walipopewa fedha ya kuagana, wakaiacha kazi. Katika darasa hili wawili walitia sahihi siku moja. Wote wawili walikuwa wamebatizwa, wote wawili walisali pamoja na wake zao. Mmoja alinunua basi dogo kuukuu, nalo likatembea, akaweza kununua la pili. Mwingine alinunua basi la namna ile ile. Mashine yake ikafa mwezi wa tatu, na fedha iliyosalia ikaishia hospitalini kwa ugonjwa wa mkewe. Leo huyo huchoma makaa porini, makala kama wasemavyo watu wa Katanga, na kuyasukuma kwa baiskeli mpaka mjini.

Basi mwenye mabasi alisimama, akanyosha koti lake, akasema, «Ndugu zangu, Mungu amenibariki.» Watu wakapiga makofi.

Je, alisema uongo? La. Kila kitu chema hutoka kwa Mungu, na anayesahau kushukuru ni mbaya kuliko mwenye deni. Lakini neno lake lina mkia mrefu. Ikiwa baraka ya Mungu hujulikana kwa mashine inayotembea, basi mashine iliyokufa hujulisha nini? Mkewe mgonjwa hujulisha nini? Mwenye mabasi hakukusudia kumhukumu mwenzake. Hata hivyo, kama mwenzake angalikuwapo pale, angaliinamisha kichwa na kujiuliza alimkosea Mungu wapi. Siku hizi wako wahubiri, hasa mjini, wafundishao waziwazi kwamba imani huonekana katika mali, na kwamba maskini amepungukiwa na sala. Mafundisho hayo si mapya. Wanafunzi wa Yezu walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua dhambi ilikuwa ya nani, yake au ya wazazi wake. Bwana akakataa yote mawili. Na kabla yao walikuwako rafiki watatu wa Yobu. Walisafiri kutoka mbali ili kumfariji, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku wasiseme neno. Mpaka hapo walifanya vema. Walikosea walipofungua vinywa na kuanza kumweleza sababu ya mateso yake. Mwishowe Mungu aliwakasirikia hao wenye maelezo mazuri, si Yobu aliyelia na kulalamika.

Mwenye mabasi angeweza kushukuru kwa namna nyingine. Angeweza kusema: mabasi yetu yalikuwa mawili, ya namna moja, lake lilikufa, langu halikufa, nami sijui kwa nini. Shukrani ya namna hiyo ni ya kweli zaidi, kwa maana haifichi kwamba kilichotolewa kilikuwa zawadi. Tena humwacha msemaji na swali mikononi, nalo ni kwamba, akiwa amepewa yeye, ampe nani.

Wa pili wao alikuwa mama aliyeolewa Likasi. Darasani alikuwa wa mwisho, na mwalimu alisema mbele ya wote kwamba hatafika popote. (Walimu hupenda kutabiri. Yapata mwaka 355 vijana watatu walisoma Athene wakati mmoja: Basili, Gregori na Yuliano. Wawili wa kwanza wakawa maaskofu watakatifu. Wa tatu akawa kaisari wa Roma mwaka 361, akaiacha imani ya Kristu na kuipinga. Shule ilikuwa ile ile.) Mama huyu aliinuka nusu tu, akasema, «Mimi sina la kusimulia. Nimelima, nimelea watoto.» Akaketi.

Jirani yake akauliza, «Watoto wa nani?» Ndipo watu walipojua. Dada yake alikufa akaacha watoto wanne. Baba yao akaenda zake. Mama huyu akawachukua pamoja na watano wake. Ilikuwa katika miaka ya 1990, wakati fedha ya Zaire ilipopoteza thamani siku hata siku na unga wa chakula kimoja kwa siku ulikuwa wa kutafutwa. Katika maneno yake machache hakutaja jina la Mungu hata mara moja. Mkatekumeni asikilizaye kwa haraka atasema kwamba hapa hakuna dini.

Lakini Bwana wetu alitoa mfano wa baba mwenye wana wawili. Aliwaambia waende shambani. Mmoja alikubali kwa heshima asiende. Mwingine alikataa, kisha akatubu akaenda. Yezu akawauliza wasikilizaji wake ni yupi aliyefanya mapenzi ya baba, na hata adui zake walilijua jibu.

Hapa mtu mwenye akili aweza kupinga, na upinzani wake si wa kudharauliwa. Atasema: mababu walilea yatima kabla misioni haijafika Katanga. Ukoo uliamuru hivyo, na aliyemtupa mtoto wa dada yake alionekana mnyama. Basi imani imeongeza nini? Kama wema unatosha, ubatizo ni wa kazi gani?

Jibu halianzi kwa kuwadharau mababu. Mtume Paulo mwenyewe aliwaandikia Waroma kwamba mataifa wasio na Sheria ya Musa wanayo sheria iliyoandikwa moyoni, na kulea yatima ni mojawapo ya mambo yaliyoandikwa humo. Mungu hakungoja meli ya mapadri ndipo aanze kazi katika nyoyo za watu wa nchi hii. Lakini sheria ya ukoo ina mpaka. Inamjua mtoto wa dada; haimjui mtu wa mbali, na siku ya ugomvi humgeuza jirani kuwa adui. Kama imani imeongeza kitu, kitaonekana pale mpakani. Na kweli, habari ya mama yule haikuwa imekwisha.

Katika darasa lile alikuwamo mtoto wa karani aliyetoka Kasai. Alizaliwa Katanga, alicheza mpira wa matambara pamoja nao, alisema lugha yao. Alipokua alipata kazi Likasi. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Nyumba zao zikatwaliwa, na maelfu kwa maelfu wakalala siku nyingi kwenye stesheni za gari la moshi, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka katika nchi ambayo wengi wao hawakupata kuiona. Wengi walikufa kwa magonjwa pale pale au njiani. Huyu naye alikuwa miongoni mwao na mkewe na watoto watatu. Baada ya miaka mingi alirudi Katanga kutafuta kazi, na siku ile ya makutano alikuwapo chini ya mwembe. Yeye ndiye aliyesimama, ingawa zamu haikuwa yake.

Akasema kwamba siku kumi na nne, jioni kwa jioni, mama yule alifika stesheni na sufuria kichwani. Vijana walimtukana njiani, wakamwita msaliti. Jirani zake walimwuliza kwa nini awalishe wageni, naye ana watoto tisa wasioshiba. Siku moja walimmwagia chakula chote mchangani. Kesho yake alikuja tena, na sufuria ndogo zaidi. Mtu wa Kasai alisimulia hayo yote akisimama, na alipofika kwenye sufuria ndogo alishindwa kuendelea. Mama alikuwa akitazama mkeka. Mwisho alisema tu, «Tulikaa dawati moja.»

Hapo, katika sufuria ile ya siku ya pili, ndipo mahali pa kuitafuta imani. Damu haikumwamuru kwenda, kwa maana damu ilisema: huyu si wako. Faida haikumwamuru, wala sifa, kwa maana alipata matusi, tena hakumsimulia mtu ye yote kwa miaka thelathini. Inawezekana yeye mwenyewe hakujua kusema ni nini kilichompeleka. Jibu lake la dawati moja ni jibu la mtoto. Lakini mtu aliyejifunza kwa katekista kwamba watu wote wana Baba mmoja, kisha akaliamini neno hilo mpaka likashuka miguuni, atakwenda stesheni, hata kama siku hiyo hana maneno ya kueleza.

Wako pia wasioweza kusimulia wenyewe, kwa kuwa wamekufa, na imani yao hujulikana kwa vinywa vya rafiki. Mwenye heri Floribert Bwana Chui alizaliwa 1981. Alikuwa na kazi ya kukagua vyakula vinavyoingia mjini Goma, akakataa fedha aliyopewa ili apitishe chakula kilichoharibika. Aliuawa mwezi Julai 2007. Watu aliokuwa akisali nao na kuwahudumia watoto wa njiani pamoja nao ndio walioshuhudia jinsi alivyokuwa, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri mjini Roma. Leo angekuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, umri wa kukutana na waliosoma naye.

Hata hivyo mkatekumeni asifahamu vibaya, akadhani kwamba kunyamaza ni bora kuliko kukiri. Siku ya ubatizo hataulizwa kwa ishara. Ataulizwa kwa sauti, naye atajibu kwa sauti, «Nasadiki.» Kinywa kina kazi yake. Mama wa Likasi naye huisema Kanuni ya Imani kila Dominika pamoja na wengine wote. Kosa liko katika kukipa kinywa kazi ya mkono, au katika kumpima mwenzako kwa kinywa chake tu.

Limebaki jambo zito kuliko hayo. Chini ya mwembe aliketi pia baba mmoja aliyefiwa na wanawe wawili katika mwaka mmoja. Zamu yake ilipofika alisema pasipo hasira, «Mimi siku hizi sisali.» Watu wakashtuka. Mmoja akasema upesi kwamba Mungu ana mpango wake. Mwingine akasema kwamba mabaya yote Mungu huyageuza kuwa mema, akamkumbusha habari za Yozefu aliyeuzwa Misri. Baba yule akaitika kwa kichwa kwa adabu, wala hakusema neno tena mpaka jioni.

Ni kweli kwamba Yozefu aliwaambia ndugu zake kuwa ubaya waliomtendea Mungu aliugeuza kuwa wema. Lakini iangaliwe ni nani aliyesema, na lini. Yozefu aliuzwa akiwa na umri wa miaka kumi na saba. Alisimama mbele ya Farao akiwa na thelathini. Ikapita miaka saba ya shibe na miwili ya njaa ndipo alipojitambulisha kwa ndugu zake. Yaani alingoja zaidi ya miaka ishirini mpaka maneno hayo yakaweza kutoka kinywani mwake. Tena yalitoka kinywani mwake yeye, aliyetupwa shimoni. Kama ndugu zake wangalisimama ukingoni mwa shimo na kumwambia kwamba Mungu atayageuza haya kuwa mema, maneno yangekuwa yale yale, na yangekuwa matusi. Kuna kweli ambazo mwenye jeraha peke yake ana ruhusa ya kuzitamka. Mwingine akizitamka kwa niaba yake, humwibia.

Je, baba yule hana imani tena? Si rahisi kusema, na hakuna aliyewekwa chini ya mwembe kuwa hakimu. Mtakatifu Augustino alizaliwa mwaka 354 mjini Thagaste, katika Afrika ya kaskazini, nchi iitwayo leo Aljeria. Mama yake, Mtakatifu Monika, alitaka awe mkatekumeni tangu utoto. Akabaki mkatekumeni miaka thelathini na zaidi, mpaka alipobatizwa Milano usiku wa Pasaka wa 387. (Wakatekumeni wanaonung'unika kwa sababu ya miaka miwili au mitatu na wamfikiri huyu.) Alikuwa kijana alipompenda sana rafiki mmoja aliyekua naye na kusoma naye shule moja. Augustino alikuwa amemvuta mbali na imani. Rafiki akashikwa na homa, akazimia, akabatizwa bila kujua. Alipopata nafuu Augustino alifanya mzaha juu ya ubatizo ule, akitazamia kwamba watacheka pamoja. Rafiki alimtazama kama adui, akamwonya asiseme naye hivyo tena kama ataka kubaki rafiki. Baada ya siku chache homa ilirudi, akafa. Augustino aliona giza kila mahali, hata mji wa kwao ukamchukiza, akaukimbia. Wakati ule hakuona mkono wa Mungu katika jambo lile hata kidogo. Ilipita miaka kama ishirini ndipo alipoliandika katika kitabu chake cha Maungamo, akiwa sasa askofu. Kama mtu angalimsikiliza siku ya mazishi, angalisema kwamba kijana huyu amekwisha potea. Hadithi ilikuwa haijafika mwisho. Msikilizaji ndiye aliyetaka kuifunga.

Kwa hiyo mbele ya baba aliyefiwa, waliosoma naye wanalo jambo la kufanya, nalo si kumalizia hadithi yake. Wanaweza kumwita kwa jina lake la ubatizo. Wanaweza kusali kwa siri wakati yeye hawezi, kama watu wale wanne wa Kafarnaumu waliombeba mwenye kupooza na kutoboa dari. Injili yasema kwamba Yezu aliitazama imani yao, yaani ya wale wabebaji. Na mwakani wanaweza kumwalika tena.

Neno moja la hekima lafaa kuingizwa hapa, maana makutano haya yana hatari zake. Kusimulia maisha si kuungama dhambi. Dhambi zina mahali pake, ndipo kitubio, na sikio lake, ndilo la padri aliyefungwa na siri. Mtu asishurutishwe kujivua nguo mbele ya watu kwa jina la ukweli. Wala asimulie dhambi ya mwenzake ili hadithi yake mwenyewe ipate chumvi. Kusengenya chini ya mwembe ni kusengenya tu.

Injili ya Yohane inasimulia makutano ya namna hii, watu saba waliofundishwa na Mwalimu mmoja: Simoni Petro, Toma, Natanaeli, wana wa Zebedayo na wengine wawili. Walikuwa kando ya ziwa, baada ya Pasaka, na mmoja wao alikuwa na habari ambayo asingependa kuisimulia. Petro alikuwa amemkana Bwana mara tatu, naye alipomkana alikuwa akiota moto wa makaa katika ua wa kuhani mkuu. Walipofika pwani alfajiri walikuta moto, na Yohane hakusahau kuandika kwamba ulikuwa wa makaa. Juu yake palikuwa na samaki, na mkate. Petro bila shaka aliisikia harufu ile ya makaa, akakumbuka. Lakini Bwana hakumwambia asimulie yaliyotokea. Kwanza aliwalisha. Walipokwisha kula alimwuliza kama anampenda, akamwuliza mara tatu, kisha akampa kazi.

Katika darasa lile mmoja hakuja, yule mchoma makala. Alipeleka neno kwamba tanuru lake lawaka, naye hawezi kuliacha. Udhuru huo ulikuwa kweli nusu. Tanuru la udongo lazima lichungwe mchana na usiku, kwa maana hewa ikipenya mahali, kuni zote huwa majivu na kazi ya wiki nyingi hupotea. Lakini kila mtu alijua pia kwamba hakuwa na fedha ya mchango, na kwamba hakutaka kuketi mkabala na yule aliyetia sahihi naye siku moja.

Jua lilipoelekea magharibi mama wa Likasi alifunika bukari katika sufuria, akaitia sombe juu, akauliza njia. Mwenye mabasi alisema kwamba anaijua. Wakaenda kwa miguu, maana motokari haifiki huko. Walimkuta mwenzao ameketi karibu na tanuru, uso mweusi kwa moshi, naye alipowaona aliinuka akawa akijifuta mikono bila kujua aseme nini. Hawakumwuliza habari za miaka yote ile. Mama aliweka sufuria chini, akamwita kwa jina lake la kanisani, wakanawa mikono wakala wote watatu. Walipokuwa wakila, moshi ulianza kutoka ubavuni mwa tanuru. Mwenye tanuru akataka kuinuka. Mwenye mabasi akamwambia amalize kula kwanza, akavua koti lake, akashika koleo na kuuliza udongo watupwa wapi.